Pampu changa damuni: Hatari isiyoonekana kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati

MTOTO aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 28 tumboni anaweza kuwa anapumua, anakojoa vizuri na hata kukunja vidole vyake, kumbe moyo wake umo katika hatari ya kusimama. Kinachomtishia si vijidudu vilivyotoka nje, wala si jeraha. Ni madini ya potasiamu yaliyotoka ndani ya chembe za mwili wake mwenyewe na kuingia katika majimaji ya damu.

Hali hii hutokea aghalabu katika siku mbili au tatu za kwanza za maisha. Madaktari walipoitambua iliwashangaza, kwa kuwa kwa kawaida potasiamu hupanda damuni figo zinaposhindwa kutoa mkojo. Kwa watoto hawa mkojo ulikuwa ukitoka, na bado potasiamu ilikuwa ikipanda.

Sehemu kubwa ya ufumbuzi wa kitendawili hicho ilipatikana katika chembe nyekundu za damu. Chembe za mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hazisafirishi madini kama zifanyavyo za mtu mzima, na tofauti hiyo, ndogo kama inavyoonekana, ndiyo inayoweza kuamua iwapo mtoto ataona siku ya nne.

Katika Kaunti ya Turkana jambo hili lina uzito wa pekee. Mjini Lodwar joto la mchana hufikia kiasi cha nyuzi 35 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Kakuma, iliyo umbali wa takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ina kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambayo pamoja na makazi ya Kalobeyei ilikuwa na watu wapatao 300,000 kufikia mwaka 2024. Joto, ukavu wa hewa na umbali ni mambo matatu yanayogusa moja kwa moja kazi ya chembe nyekundu, iwe ndani ya mwili wa mtoto au ndani ya kichupa cha maabara.

ZIZI NA MCHUNGAJI WAKE

Chembe nyekundu ya mtu mzima huhifadhi potasiamu nyingi ndani yake, kiasi cha milimoli 100 katika kila lita ya chembe. Majimaji ya damu yanayoizunguka yana milimoli 3.5 hadi 5 pekee kwa lita. Sodiamu, madini tunayoyajua zaidi kutokana na chumvi ya mezani, hukaa kinyume: ndani ya chembe ni kiasi cha milimoli 10, na nje ni kati ya milimoli 135 na 145.

Madini haya yanapoyeyuka majini hugeuka kuwa ioni, yaani vipande vidogo mno vyenye umeme. Kila ioni hupenda kutoka mahali zilipo nyingi na kwenda mahali zilipo chache. Potasiamu, kwa hivyo, daima hutafuta njia ya kutoka, nayo sodiamu hutafuta njia ya kuingia.

Msomaji aliyewahi kuona zizi la mfugaji wa Turkana atalielewa jambo hili upesi. Tuseme mfugaji ameamua kwamba mbuzi walale ndani ya zizi na kondoo walale nje. Ua wa miiba, hata ukishonwa vipi, haukosi upenyo. Mbuzi mmoja mmoja atapenya atoke, na kondoo mmoja mmoja atapenya aingie. Kusipokuwa na mtu wa kuwarudisha, kutakapopambazuka mbuzi na kondoo watakuwa wamechanganyikana ndani na nje.

Chembe nyekundu ina mchungaji wa kazi hiyo. Ni protini iliyopachikwa katika utando wa chembe, nayo hufanya kazi kama pampu. Kila inapozunguka mara moja, huzitoa nje ioni 3 za sodiamu na kuziingiza ndani ioni 2 za potasiamu. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, ndiye aliyeeleza kuwapo kwa protini hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka 1957, na kwa ugunduzi huo alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Mchungaji huyu hafanyi kazi bure. Malipo yake ni ATP, kemikali ambayo mwili huitumia kama sarafu ya nguvu. Chembe nyingine za mwili hutengeneza ATP kwa kutumia oksijeni. Chembe nyekundu, ijapokuwa ndiyo inayobeba oksijeni kuipeleka kwingine, yenyewe haina mitambo ya kuitumia. Hutegemea sukari ya glukosi peke yake. Glukosi ikiisha, pampu hukosa nguvu.

Aidha, pampu hii hutegemea joto. Katika joto la kawaida la mwili hufanya kazi barabara. Damu ikiwekwa kwenye jokofu la nyuzi 4, pampu hukaribia kusimama ilhali upenyo wa ua ungalipo. Mambo haya mawili, glukosi na joto, yafaa yakumbukwe, kwa maana tutayarejelea.

MCHANGA NA MKOMAVU

Je, chembe ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ina tofauti gani na ya mtu mzima?

Kwanza, maisha yake ni mafupi. Chembe nyekundu ya mtu mzima huishi kiasi cha siku 120. Ya mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huishi siku 60 hadi 90, na ya yule aliyezaliwa mapema sana huishi siku 35 hadi 50. Pili, chembe ya mtoto ni kubwa kuliko ya mtu mzima, na hemoglobini iliyomo ni ile ya tumboni, iliyoumbwa ili kunyakua oksijeni kutoka katika damu ya mama.

Tatu, na hili ndilo kiini cha makala haya, pampu yake ni dhaifu. Tangu miaka ya 1960 watafiti, akiwemo daktari wa watoto wa Marekani Frank Oski, walibaini kuwa pampu ya sodiamu na potasiamu katika chembe za watoto wachanga hufanya kazi kidogo kuliko ya watu wazima, na potasiamu inayorudishwa ndani ya chembe ni kidogo vilevile.

Matokeo hayo hayakutarajiwa. Damu ya mtoto mchanga imejaa chembe ambazo ndiyo kwanza zimetengenezwa, na kwa mtu mzima chembe za namna hiyo ndizo zenye pampu nyingi zaidi. Mtu angedhani basi kwamba mtoto ndiye angekuwa na pampu imara. Kwamba hali si hivyo ni ithibati kuwa upungufu huu hautokani na kuchakaa kwa chembe, bali na kutokomaa kwake. Kwa lugha ya zizi, tatizo si ua uliobomoka. Ni mchungaji ambaye hajapata nguvu za utu uzima.

Mwaka 1993, jarida la Marekani la Journal of Pediatrics lilichapisha utafiti uliozipima chembe nyekundu za watoto waliozaliwa wakiwa na uzito mdogo mno. Wale ambao potasiamu yao ilikuwa imepanda ingawa mkojo ulitoka walipatikana kuwa na pampu iliyofanya kazi kidogo zaidi, na chembe zao zilikuwa zimepoteza potasiamu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba madini yale yaliyopatikana nje yalikuwa yametoka ndani.

Ifahamike kwamba chembe nyekundu si chanzo cha pekee cha potasiamu hiyo. Misuli na viungo vingine vina pampu iyo hiyo na udhaifu uo huo. Chembe nyekundu huchunguzwa kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi, nayo ni dirisha la kuchungulia yanayotendeka mwilini kote.

KWA NINI SIKU ZA KWANZA?

Mtoto anapokuwa tumboni, potasiamu inayozidi hupitia kitovuni na kondo la nyuma hadi kwa mama, na figo za mama huiondoa. Kitovu kikikatwa, njia hiyo hufungwa mara moja. Kuanzia hapo mtoto hutegemea figo zake mwenyewe, na figo za wiki ya 26 au 27 hazijakomaa.

Waturkana wamejulikana tangu jadi kwa kustahimili ukame. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Science ulieleza kuwa jeni iitwayo STC1, ambayo husaidia figo kuhifadhi maji, imeimarika katika jamii hiyo kwa maelfu ya miaka ya kuishi jangwani. Hata hivyo, urithi huo haumwondolei mtoto udhaifu wa figo ambazo bado zilikuwa zikiumbwa alipozaliwa.

Ngozi yake nayo ni nyembamba mno, na maji hutoka mwilini kupitia kwayo. Kadiri hewa inavyokuwa kavu, ndivyo maji yanavyopotea kwa kasi. Maji yakipungua, sodiamu iliyobaki katika damu huzidi ukali, kama mchuzi unavyokolea chumvi ukichemka bila kifuniko. Kwa hiyo mtoto huyu anaweza kukabiliwa na matatizo mawili kwa pamoja: potasiamu inayovuja kutoka ndani na sodiamu inayokolea nje.

Moyo ndio huumia kwanza. Mapigo yake hutegemea tofauti iliyopo kati ya potasiamu ya ndani ya chembe na ya nje. Kwa watoto hawa, wataalamu wengi huanza kuingiwa na hofu kipimo kinapopita milimoli 6.5 au 7 kwa lita. Tofauti hiyo ikipungua, umeme wa moyo huvurugika, mapigo hupotea mpangilio, na moyo huweza kusimama.

KICHUPA KINAPODANGANYA

Ili kutambua hatari hii, lazima damu ipimwe. Hapo ndipo mazingira ya Lodwar na Kakuma yanapoingia.

Mtoto wa gramu 800 ana damu isiyozidi mililita 80 hivi, takriban robo ya chupa ya soda ya mililita 300. Kumtoa mililita 2 za kupima ni sawa na kumtoa mtu mzima mwenye lita 5 za damu mililita 125 au zaidi. Kwa hivyo kipimo kikikosewa na kurudiwa, mtoto hulipa kwa damu yake.

Na kukosea ni rahisi. Damu ya mtoto mchanga aghalabu huchukuliwa kisiginoni. Kisigino kikikamuliwa kwa nguvu, chembe hupasuka na kumwaga potasiamu yake katika kichupa. Hesabu yake ni hii: ikiwa nusu ya damu ni chembe, na chembe 2 tu kati ya kila 100 zikapasuka, potasiamu katika majimaji itapanda kwa kiasi cha milimoli 2 kwa lita. Mtoto mwenye kipimo salama cha 4.5 ataonekana kuwa na 6.5, na daktari atadhani yumo hatarini.

Fauka ya hayo, chembe zilizomo katika kichupa bado zi hai. Mchungaji angali kazini. Kichupa kikikaa katika joto kali kabla ya chembe kutenganishwa na majimaji, pampu hufanya kazi kwa bidii na kuingiza potasiamu ndani, hivyo kipimo huonekana kuwa cha chini kuliko ukweli. Saa zikizidi kupita na glukosi ikaisha, pampu huchoka na potasiamu huanza kutoka tena.

Mtu atasema: basi kichupa kifunikwe kwa barafu. Hilo nalo ni kosa. Baridi huisimamisha pampu, potasiamu huvuja, na kipimo huonekana kuwa cha juu. Nchini Uingereza, maabara zimewahi kubaini kuwa vipimo vya potasiamu vilivyotumwa kutoka zahanati za mbali hubadilika kwa misimu, vikielekea kupanda wakati wa baridi na kushuka wakati wa joto, bila wagonjwa wenyewe kubadilika.

Lodwar haina majira ya baridi, ila ina jua na ina masanduku ya barafu. Sampuli inayosafirishwa kutoka kituo cha mbali inaweza kukosewa kwa njia zote mbili katika siku moja. Kipimo kilichopanda kwa uongo humfanya mtoto apewe dawa asizozihitaji. Kipimo kilichoshuka kwa uongo ni kibaya zaidi, maana humfanya muuguzi aende zake akiamini mambo ni shwari.

Njia ya kuepuka haya haihitaji mitambo ya ajabu. Damu ichukuliwe bila kukamua, ikiwezekana mshipani. Kichupa kisiwekwe juani wala katika barafu. Chembe zitenganishwe na majimaji kwa mashine ya kuzungusha mapema iwezekanavyo, kabla ya safari kuanza. Zipo pia mashine ndogo za kupimia kando ya kitanda zinazotumia matone machache na kutoa jibu papo hapo. Hizo hupunguza tatizo la umbali, ila nyingi haziwezi kutambua iwapo chembe zimepasuka, hivyo uangalifu wa mkono unaochukua damu ungali unahitajika.

DAMU YA KUONGEZWA

Watoto waliozaliwa mapema sana mara nyingi huhitaji kuongezwa damu. Damu iliyohifadhiwa kwa mchanganyiko uliozoeleka huweza kukaa kwenye jokofu hadi siku 35. Kwa kuwa pampu zimelala kwa baridi, potasiamu huvuja kila siku, na kufikia mwisho wa muda huo majimaji yaliyomo mfukoni huweza kuwa na zaidi ya milimoli 50 kwa lita.

Mtoto akiongezwa kiasi kidogo, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, tena polepole kwa saa tatu au nne, aghalabu hadhuriki. Damu ikihitajika kwa wingi na kwa haraka, kama vile anapobadilishiwa damu yote kwa sababu ya homa ya manjano kali ya watoto wachanga, wataalamu hupendekeza damu isiyozidi siku 5 hadi 7 tangu kutolewa.

Kwa hivyo mkazi wa Lodwar au Kakuma anayejitolea damu papo hapo alipo humsaidia mtoto huyu mara mbili: damu yake hupatikana, na hupatikana ikiwa bado mbichi. Vilevile, mkunga akisubiri angalau sekunde 60 kabla ya kufunga kitovu, pale hali ya mtoto inaporuhusu, damu iliyo katika kondo humwingia mtoto na huenda akahitaji kuongezwa mara chache zaidi.

KUMTIA NGUVU MCHUNGAJI

Habari njema ni kwamba pampu changa inaweza kukomazwa kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 1972, Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akidungwa dawa ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kuwa watoto wadogo mno ambao mama zao walipewa dawa hiyo walikuwa na potasiamu ya chini katika siku za mwanzo. Steroidi huichochea pampu.

Lakini dawa hii si ya kugawa kiholela. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 katika The Lancet, uliofanyiwa nchi sita Kenya ikiwemo, ulijaribu kuisambaza katika maeneo yenye huduma duni. Vifo vya watoto wadogo havikupungua, na kwa jumla vifo vya watoto vilizidi kidogo. Kinyume chake, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wanawake 2,852 katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ulionyesha kuwa kwa kila wanawake 25 waliopewa deksamethasoni, mtoto mmoja aliokolewa.

Tofauti kati ya tafiti hizo mbili ni mahali na maandalizi. Katika utafiti wa pili, umri wa mimba ulihakikishwa kwa altrasaundi na mtoto alizaliwa penye watu na vifaa vya kumtunza. Funzo kwa Turkana ni wazi. Mama aliyeanza kupata uchungu katika wiki ya 28 mbali na hospitali anahitaji gari kabla ya kuhitaji sindano, na anahitaji kuwa amehudhuria kliniki mapema ili umri wa mimba ujulikane.

Baada ya kuzaliwa, mambo mawili tuliyoyataja awali hurejea: joto na chakula. Mtoto aliyefungwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, hupata joto lisilohitaji umeme, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hilo lianze mara tu baada ya kuzaliwa. Maziwa ya mama, au glukosi kupitia mshipani kwa yule asiyeweza kunyonya, ndiyo posho ya mchungaji.

Potasiamu ikiwa imeshapanda, hospitali ina silaha kadhaa. Dawa ya kalisi huukinga moyo kwa muda. Insulini pamoja na glukosi, au salbutamoli ile ile wanayoijua wagonjwa wa pumu, huichochea pampu irudishe potasiamu ndani. Dawa hizi ni za daktari pekee. Insulini, kwa mfano, huweza kuishusha sukari ya mtoto kupita kiasi, na ndiyo sababu kipimo cha uongo ni hatari.

Kwa mujibu wa Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya wa mwaka 2022, watoto 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Afya ni jukumu la serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Mashine ya kutenganisha damu, mashine ya kupimia kando ya kitanda, altrasaundi na gari la kumfikisha mama hospitalini si mambo ya anasa katika bajeti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtoto huyu ni mdogo kiasi cha kutoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Kuuziba kunaanza kabla hajazaliwa, na kunahitaji watu wanaojua kwamba upo.